Faili Ulilofuta Bado Lipo

Na Juma Wekesa

Mtengenezaji programu wa Nairobi akikataliwa faili na GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, mshukiwa wa kwanza ni intaneti. Atahama meza, atawasha data ya simu, atavuka Ngong Road kutafuta mkahawa wenye Wi-Fi ya kasi. Akijaribu tena, jibu ni lile lile.

Aghalabu intaneti haina hatia. GitHub haipokei faili linalozidi MB 100, na huanza kuonya likipita MB 50. Kijana ameweka video ya kumwonyesha mteja, imekataliwa, ameifuta, amehifadhi kazi upya na kupushi. Imekataliwa tena! Hapo wengi huchanganyikiwa, maana kwenye folda hakuna video yoyote.

Kwenye folda haipo, kwenye historia ipo. Git, ambayo Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, huweka kila hatua unayohifadhi jinsi ilivyokuwa. Unapopushi, unatuma hatua zote ambazo seva haijazipata, pamoja na ile yenye video. Kufuta ni kuongeza hatua nyingine tu inayosema imefutwa. Inabidi urudi nyuma kwa git reset na kuihifadhi kazi upya bila faili hilo, au, kama limezama ndani zaidi, utumie git filter-repo. Kukimbilia .gitignore, orodha ya mafaili ya kupuuzwa, hakusaidii: huzuia mafaili mapya tu. Lililokwisha kuingia litaendelea kufuatiliwa hadi uliondoe kwa git rm --cached.

  

Faili kubwa ni kero tu. La kuogopwa ni lile dogo liitwalo .env, lenye nenosiri la hifadhidata na funguo za Daraja, lango ambalo Safaricom ilifungua mwaka 2017 ili programu za watu ziunganishwe na M-Pesa. Likipushiwa kwenye repo (hazina ya msimbo) ya wazi, zipo roboti zinazopekua GitHub mchana na usiku zikitafuta funguo za aina hiyo. Mwenyewe atagutuka, atalifuta, atashusha pumzi. Funguo bado zimo kwenye historia, na katika nakala ya kila aliyeichukua repo. Hata akiiandika historia upya, nakala za watu hazimrudii. Basi kwanza abadilishe funguo, usafi ufuate.

Sisemi msimbo ufungiwe kabatini. Programu ya Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 katikati ya ghasia za uchaguzi, iliutoa msimbo wake kwa yeyote autakaye, na iHub, kituo cha wanateknolojia kilichofunguliwa mwaka 2010 katika jumba la Bishop Magua, ilikua kwa desturi hiyo ya kuonyeshana kazi. Uwazi umetulea vizuri.

Lawama yangu ni kwa mabosi. Kijana mgeni kazini anayejua atafokewa mbele ya wenzake atalifuta faili na kunyamaza, na funguo zile zile zitaendelea kutumika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa kampuni saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, tangu ijue kwamba taarifa za watu zimeangukia mikono isiyostahili na huenda zikawadhuru. Kampuni itajuaje, ikiwa anayejua anaogopa kusema?

Kwa hiyo ninyi wenye ofisi Kilimani, Westlands na pale mjini: mkisikia funguo zimevuja, ulizeni kwanza kama zimebadilishwa. Aliyepushi mtamtafuta baadaye. Git imeliweka jina lake.