Mbuzi twamkagua, tarakilishi twaifumbia macho

Nenda katika soko la Ishiara kule Mbeere, siku ya soko, umtazame mama wa makamo akinunua mbuzi. Hatatoa hata senti moja kabla ya kumfungua mnyama kinywa na kuyatazama meno yake, kumpapasa mgongo, kumchunguza macho na kwato, na kumtembeza hatua kadhaa ili ajue kama anachechemea. Mwenye mbuzi naye hakasiriki. Anajua kwamba ndivyo biashara ilivyo, na kwamba anayekataa mbuzi wake akaguliwe ana jambo analolificha.

Namjua mama mmoja wa huko ambaye, katika miaka yote aliyouza na kununua mifugo, hajawahi kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Ndiyo maana kisa kilichompata yeye na bintiye kimenitia uchungu. Binti huyo, mwanafunzi wa ualimu katika mojawapo ya vyuo vikuu vya eneo hili, alihitaji kipakatalishi. Mama akauza mbuzi watatu, akaongeza akiba yake ya chama, zikapatikana shilingi 22,000. Wakaingia katika duka moja kwenye mji ulio kando ya barabara kuu ya Embu kwenda Meru. Muuzaji akaiwasha mashine, kioo kikamemeta, wimbo ukasikika. "Mama, hii imetoka Uingereza, haina neno," akasema. Fedha zikatumwa kwa simu. Mama yule, ambaye angemkataa mbuzi kwa jino moja lililolegea, hakuuliza swali hata moja.

Juma la pili betri ikawa haidumu zaidi ya dakika 20. Mwezi wa pili bawaba ikalegea, na kila kifuniko kilipoguswa kioo kikazimika. Fundi aliyeitwa akaifuta mashine yote ili aiwekee programu upya, na hapo ndipo ilipodai nywila ya kampuni fulani ya ng'ambo ambayo kumbe ndiyo iliyokuwa mwenyewe wa kwanza. Ripoti ya mazoezi ya kufundisha, kazi ya majuma sita, ikapotea. Huko dukani binti akaonyeshwa kibao ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Stakabadhi aliyokuwa nayo ilikuwa na maneno mawili tu: "Laptopu moja." Akaiandika ripoti upya usiku kwa simu ya mkononi, akaiwasilisha ikiwa imechelewa.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu si kwa sababu ni cha ajabu, bali kwa sababu si cha ajabu hata kidogo. Mwalimu yeyote anayeyasoma makala haya, awe Runyenjes, Chuka, Nkubu au Maua, huenda amesikia kingine cha aina yake, au yamemfika mwenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba kipakatalishi si pambo tena. Tangu shule na vyuo vilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, masomo mengi ya vyuo vikuu yamehamia kwenye intaneti, na hata baada ya milango kufunguliwa hayakurudi yote darasani. Mwalimu wa shule ya msingi naye anatakiwa kujaza fomu za kutathmini utendakazi wake kwenye mtandao wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, na kuwasilisha alama za wanafunzi katika mtandao wa Baraza la Mitihani. Asiye na mashine hulazimika kupanga foleni katika kibanda cha huduma za tarakilishi na kulipia kila ukurasa. Kwa hiyo, anayeuziwa mashine mbovu hapotezi fedha tu. Hupoteza muhula.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Siwapigi vita wauzaji wa tarakilishi zilizotumika. Makampuni na shule za nchi tajiri hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, nyingi zikiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Hapa kwetu Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekuwa likizipokea tarakilishi kuukuu, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Wanafunzi wengi waliigusa tarakilishi kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mashine za namna hiyo. Laiti tungeambiwa tununue mpya tu, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kianjokoma au wa mchuuzi wa Gakoromone angebaki mikono mitupu. Kuukuu si ubovu. Ubaya ni kuuza ukuukuu bila kuusema.

Tena, muuzaji wa mji mdogo mara nyingi naye amenunua kwa jumla kutoka Nairobi, mashine kumi au ishirini kwa pamoja, bila kupewa nafasi ya kuzijaribu moja baada ya nyingine. Naye ameuziwa mbuzi guniani. Lakini hiyo haimwondolei lawama anapoufunga mdomo wa gunia na kumpitishia mtoto wa mwenzake.

Je, sheria yasemaje? Wengi hudhani kwamba kibao cha ukutani ndicho sheria. Sivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akimfahamisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti iwe inaifaa kazi hiyo kwa kiasi cha haki. Nayo Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inayabatilisha maneno yoyote yanayokusudiwa kuiondoa dhamana hiyo, na inahesabu kuwa udanganyifu kusema bidhaa imetumika kidogo ilhali imetumika mno. Kwa hiyo kibao kile hakiwezi kumnyang'anya mnunuzi haki aliyopewa na Bunge.

Lakini sheria hiyo hiyo ya mauzo ina makali upande wa pili, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukatwa. Aliyeikagua bidhaa kabla ya kuinunua hawezi kulalamika baadaye juu ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Bawaba iliyolegea na kitufe kisichobonyeka ni vitu vya kuonekana kwa macho. Betri iliyochoka na kufuli ya kampuni ya ng'ambo ni kasoro zilizofichika, na hizo muuzaji hana pa kuzikwepea. Basi mnunuzi ana wajibu wake, na muuzaji ana wake.

Wajibu wa mnunuzi si mgumu kuliko kuhesabu meno ya mbuzi. Usiinunue mashine iliyochomekwa kwenye umeme. Ichomoe, uitumie kwa nusu saa hapo hapo dukani, uone betri imeshuka kiasi gani. Zile zenye Windows zina amri iitwayo powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti ya uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa umebaki nusu, bei nayo ishuke. Kifunue na kukifunika kifuniko mara kadhaa. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Jaribu kila tundu kwa flashi yako mwenyewe, kamera, sauti na intaneti. Zaidi ya yote, mwombe muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kama kwamba imetoka kiwandani leo. Mashine yenye kufuli ya mwenyewe wa kwanza itajifichua hapo, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Aidha, uliza umri wake. Mnamo 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na mrithi wake, Windows 11, haikubali rasmi mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Makampuni ya ng'ambo yanapoziondoa mashine hizo maofisini, haitakuwa ajabu nyingi zikiishia katika maduka yetu kwa bei ya kuvutia. Si kwamba hazifai kabisa, kwani zipo programu endeshi za bure kama Linux zinazoweza kuzihuisha. Lakini mwanafunzi anastahili kujua anachokinunua.

Mwisho, sema kwa sauti kazi unayoitakia mashine, na udai iandikwe. Stakabadhi ya haki haisemi "Laptopu moja." Hutaja aina ya mashine, nambari yake ya kiwandani, hali yake, muda wa dhamana na jina la duka. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Mbele ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021 kabla ya kuenezwa katika kaunti nyingine, madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanatakiwa kuamuliwa katika muda wa siku 60, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili. Lakini hakimu hawezi kuihukumu laptopu isiyo na jina.

Huenda mtu akasema kwamba tukidai dhamana bei zitapanda, na maskini ndiye atakayeumia. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Muuzaji anayejua kwamba mashine inaweza kurudi ataongeza kidogo ili ajikinge. Lakini tuhesabu vyema. Mama wa Ishiara alilipa shilingi 22,000 kwa mashine iliyomfaa bintiye kwa miezi miwili. Angaliongeza 2,000 akapata yenye dhamana ya miezi sita, angalikuwa amepata faida. Aliyeumia kwa bei ya chini ni huyo huyo maskini tunayedai kumwonea huruma. Tajiri akiuziwa mbovu hununua nyingine. Maskini hurudi zizini na kukuta mbuzi wamekwisha.

Basi nani afanye nini? Kwanza, serikali za kaunti. Ratiba ya Nne ya Katiba imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara na la kuhakikisha biashara inaendeshwa kwa haki. Ni nini kinachozizuia kaunti za Embu, Tharaka Nithi na Meru kuweka sharti kwamba anayepewa leseni ya kuuza vifaa vya elektroniki vilivyotumika atoe stakabadhi kamili na dhamana ya angalau siku 90? Maafisa wa kaunti hufika madukani kila mwaka kukagua leseni. Na waikague stakabadhi pia.

Pili, vyuo. Wanafunzi wapya hupokewa kwa hotuba nyingi, wakaonyeshwa maktaba na zahanati. Chuo chenye idara ya tarakilishi hakikosi wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoweza kukaa mezani siku mbili za mwanzo wa muhula na kuwakagulia wenzao mashine kabla hawajazilipia. Gharama yake ni meza na viti. Faida yake ni muhula mzima.

Tatu, sisi walimu. Tunafundisha sehemu za tarakilishi, tunawakaririsha wanafunzi tofauti ya kumbukumbu na diski, kisha tunawaachia soko bila silaha. Somo moja la kuikagua mashine kuukuu lingemfaa mwanafunzi kuliko kurasa kumi za historia ya tarakilishi. Na mwalimu wa Kiswahili naye anaweza kuwafundisha kuandika barua ya malalamiko, yenye tarehe, maelezo na dai, badala ya kila mwaka kuwatungisha barua ya kuomba kazi.

Eneo hili halihitaji kufundishwa kwamba biashara ina maadili. Nchiru, mahali palipo na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ndipo pia yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru ambalo tangu jadi limesikiza mashauri ya ardhi na mifugo. Katiba, katika Kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Wazee walijua kwamba anayeficha kilema cha mnyama hamdhulumu mnunuzi peke yake, bali anaiua imani ambayo soko zima linaitegemea. Kwa nini kanuni hiyo iishie kwenye mlango wa zizi na isivuke kizingiti cha duka la tarakilishi?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji mwenye mashine nzuri hana sababu ya kuogopa nusu saa ya ukaguzi wala mstari mmoja zaidi kwenye stakabadhi. Binti yule sasa amepata mashine nyingine, kwa mkopo wa chama cha mamake. Safari hii mama aliketi dukani tangu saa nne hadi saa sita, akaitazama betri ikishuka, akauliza maswali mpaka muuzaji akacheka. Alipoulizwa amejifunzia wapi, alijibu kwamba ni Ishiara.