Mashine Yathibitisha, Nasi Je?



Siku hizi hapa Kibaha husikika bwenini kwamba kujifunza kuthibitisha katika jiometri ni kazi bure, maana mashine yathibitisha. Kweli, yathibitisha. Mwaka 1959 Herbert Gelernter wa kampuni ya IBM, Marekani, alieleza mashine ya kazi hiyo. Na Januari 2024 Google DeepMind walitangaza AlphaGeometry, iliyofumbua maswali 25 kati ya 30 ya mashindano ya kimataifa ya hesabu. Hata hivyo mimi sikubaliani na wenzangu.

Likizo iliyopita nilikuwa Kisarawe nikimsaidia mjomba wangu, fundi mwashi. Alipigilia vigingi vinne, akahakikisha kwamba pande zinazokabiliana ni sawa, kisha akavuta kamba mshazari, pembe kwa pembe, mara mbili. Vipimo vilipolingana akasema, "Msingi umenyooka." Nikamwuliza, "Kwa nini, mjomba?" Akacheka: "Wewe ndiwe msomi, nieleze mimi."

Usiku niliazima simu ya binamu, nikapata jibu kamili, nikalinakili. Asubuhi mjomba aliniuliza juu ya mstari wa pili tu, nikakwama. Cha kuazima hakistiri maungo.

Ndipo nikachora mwenyewe mchangani. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa, huenda sambamba. Basi pembe mbili za ubavu mmoja jumla yake ni nyuzi 180. Ubavu ule, pamoja na kila mshazari, hufanya pembetatu. Pembetatu hizo mbili zina pande tatu zinazolingana, kwa hiyo na pembe zake zalingana. Basi pembe zile mbili ni sawa, kila moja nyuzi 90. Mjomba akasema, "Kumbe!"

Ajabu ni kwamba AlphaGeometry nayo, ikikwama, huongeza mstari ambao swali halikuutaja, kisha huendelea. Ndivyo afanyavyo mjomba kwa kamba yake.

Rai yangu ni hii: tujaribu kwanza wenyewe, kisha ndipo tuiulize mashine. Walimu wetu watuulize "kwa nini" ubaoni, wasitosheke na daftari safi. Nanyi wazazi, mtuitapo kushika kamba, tuulizeni sababu. Programu za simu nazo hukosea. Siku hiyo nani ataligundua kosa, ikiwa sote tulinakili?