Dakika 8 Zinatosha

Jumamosi hapa Riruta niliwashindanisha vijana wa mtaani kwa ndege ndogo za mpira wa kusokota. Nilifuata kanuni za Science Olympiad ya Marekani: dakika 8, mirusho isiyozidi 2, mshindi ni anayekaa hewani zaidi. Mmoja alimaliza dakika 7 akisokota, akitaka rekodi. Mpira ukakatika. Sifuri! Wenzake wakaniomba niongeze muda. Nilikataa, na bado nakataa. Sisi waandika programu twajua: ukiongezewa muda, unaongeza mbwembwe. Sokota kiasi, rusha mapema, uwe na alama mkononi. Ndipo urekebishe mkia na kujaribu makubwa. Tena ndege iliyorushwa kabla ya muda kwisha huachwa imalize safari. Tatizo si saa, jamani, ni mpango. Ama mwaonaje?