Mafua ya kichanga hayaletwi na upepo

Kaskazi iliyopita nilikwenda Langoni, hapa Amu, kumtazama mzazi aliyejifungua mtoto wa kiume. Ilikuwa siku ya 18. Nilipovuka kiwanda kukaribia chumba cha ndani nilikisikia kichanga kabla ya kukiona, kinakoroma kama mzee aliyelala chali. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa mpaka chini, chetezo cha ubani kinafuka kando ya kitanda, na wanawake sita wameketi mkekani. Mama mtu macho mekundu kwa kukesha. Kila mtoto akishika ziwa hunyonya mara mbili tatu, akaliachia, akalia.

"Ni upepo," bibi yake aliniambia. "Shusheni pazia, usiye ukamwingia mwana tena."

Mara kaka yake mtoto, wa miaka sita hivi, akarudi kutoka chuoni, kamasi mpaka mdomoni, akaenda moja kwa moja kumbusu mdogo wake puani. Hakuna aliyesema neno.

Mafua ni virusi, na virusi hupita kutoka mtu hadi mtu, kwa chafya, kikohozi na mikono. Lakini nisimwonee bibi. Alichokiona ni kweli, ila alikosea mshitakiwa. Huko Kilifi, mwambao wetu huu huu, watafiti wa KEMRI na wenzao wamefuatilia kwa miaka mingi virusi viitwavyo RSV, ambavyo kwa mtu mzima ni mafua tu lakini kwa mtoto mchanga vyaweza kuteremka kifuani. Mara nyingi vimekuwa vikishamiri mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka mpya, yaani msimu wa kaskazi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, walizifuata familia nyumbani kwao na wakaona kwamba zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa walipata virusi hivyo ndani ya nyumba yao wenyewe. Na aliyeviingiza nyumbani, mara nyingi, alikuwa kaka au dada anayekwenda shule.

Basi kabla ya kushusha pazia, tazameni nani anaingia. Najua ugumu wake. Amu, kumzuia mtu asimwone mzazi ni kutafuta maneno, na mzazi mwenyewe hawezi kusema. Kazi hiyo ni ya baba wa mtoto, au bibi, pale mlangoni: mwenye mafua asalimie kutoka ukumbini, na asiye na mafua anawe mikono kwa sabuni kabla ya kupakata. Mabusu yangoje. Mama akiwa ndiye mwenye mafua asiache kunyonyesha, kwa maana maziwa yake yana kinga. Ajifunike pua na mdomo kwa leso, na anawe mikono.

Kwa nini pua iliyoziba ni jambo zito kwa kichanga? Kwa sababu katika miezi ya kwanza mtoto hupumua zaidi kwa pua, na wakati ananyonya mdomo una kazi nyingine. Pua ikiziba anachagua: apumue au anyonye. Kwa hiyo pua isafishwe kabla ya kunyonya, si baada ya hapo, maana akishiba atatapika.

Dawa yake ni maji ya chumvi. Bora ni yale ya matone yanayouzwa madukani mwa dawa, yaliyopimwa. Ukikosa, chemsha maji safi, pima kikombe cha mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko sawasawa bila kilima, uache yapoe. Tengeneza mengine kila siku. Na hapa niseme neno kwa watu wa visiwani: msichote maji ya bahari mkadhani ni yale yale. Bahari ina chumvi karibu mara nne ya inayofaa, itamchoma. Maji ya kisima chenye magadi nayo yasitumike, kwani kipimo chako kitakuwa kimeharibika kabla hujaanza.

Mlaze mtoto chali, tia matone mawili katika kila tundu, subiri dakika moja, kisha futa kamasi kwa kitambaa laini. Mwenye kile kipira cha kunyonyea kamasi akibonyeze kwanza nje, aingize ncha kidogo tu mlangoni mwa pua, ndipo aachie. Si zaidi ya mara tatu au nne kwa siku, pua isije ikavimba. Kisha mnyonyeshe, kidogo kidogo na mara nyingi. Akishindwa kuvuta, kamua umnyweshe kwa kikombe kidogo.

Sasa chetezo. Ubani ni heshima ya nyumba, sikatai, lakini moshi ni moshi. Pua iliyokwisha kuvimba huvimba zaidi, na vyumba vyetu vya ndani, katika nyumba za mawe, vingi havina dirisha la nje la kuutoa. Udi, makaa na dawa ya mbu ya kuchoma vyote vikae mbali na mtoto. Mafuta ya kutia puani huweza kuteremka mapafuni. Dawa za kupaka zenye kafuri si za kichanga, wala si dawa za mafua za chupa, wala asali kabla ya mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza viungo vya mtoto. Viuavijasumu vilivyobaki kwa jirani haviui virusi.

Na kimeo kisikatwe. Kimeo hakina hatia katika mafua, na watoto wamevuja damu na kupata maambukizo kwa wembe huo.

Wako wachanga wanaokoroma majuma ya mwanzo bila mafua yoyote, ni njia ya pua tu bado nyembamba. Akinyonya na kulala vizuri, mwache.

Lakini jifunze kumhesabia pumzi. Akiwa ametulia, tazama tumbo lake dakika nzima kwa saa. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi, ukihesabu tena ukapata vile vile, ni hatari. Hatari pia ni nyama ya chini ya mbavu kuzama ndani sana kila anapovuta pumzi, kuguna, kukataa ziwa, degedege, mwili wa moto wa digrii 37.5 au zaidi kwapani, au wa baridi, usingizi asioamshika, midomo kuwa ya buluu. Hayo si ya kutibiwa nyumbani, mpeleke hospitali ya King Fahd. Walio Pate, Siyu na Faza wahesabu na maji pia: yakitoka, Mkanda hauna kina na boti hungoja. Ukiona dalili alasiri, usiseme tutatazama asubuhi. Mwende mapema, mtoto akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa leso.

Yule wa Langoni nilimhesabia pumzi 46. Tukatia matone, kamasi ikatoka, akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Chetezo kilihamishiwa ukumbini. Pazia bibi alikubali kuliinua nusu tu, na kaka mtu akapewa birika na sabuni, awanawishe wageni mlangoni. Mimi mwenyewe nilipotaka kurudi ndani kuchukua buibui langu alinizuia mpaka niliponawa tena.