Simu isichunge maneno yetu bila kutuuliza

Siku hizi mtu anaongea na akili bandia kwa mdomo, nayo inamujibu kwa sauti. Kwa mama wa Walungu ao wa Masisi asiyejua kusoma, hiyo ni faida kubwa. Lakini kuna jambo tunalolinyamazia: programu hizo zinaanza kuchunga maneno yetu. Unafunga leo, unafungua kesho, bado inajua uliyoyasema.

Kampuni OpenAI ilitangaza kumbukumbu hiyo kwa ChatGPT mwezi wa pili 2024. Mwezi wa nne 2025 ikaipanua ili iweze kurudilia mazungumzo ya zamani. Akili bandia yenyewe haikumbuki kitu. Programu ndiyo inaandika mazungumzo ao muhtasari wake, inauweka kwenye kompyuta za kampuni, kisha inausoma tena unaporudi.

Wanaotetea wanasema: mkulima aliyeeleza shamba lake la mihogo jana asilazimike kurudilia yote leo na kumaliza mega zake. Ni haki yao. Mimi sipingi kumbukumbu. Ninapinga kumbukumbu isiyoomba ruhusa kwa sauti.

Angalia namna tunavyoishi. Simu moja inatumikia nyumba nzima. Mama akiuliza juu ya ugonjwa wake usiku, asubuhi shemeji akiishika simu ile ile, nani atazuia mashine isimwambie? Na katika Kivu, simu inaweza kunyang'anywa barabarani. Mwenye kuishika hatahitaji hata kutafuta: atauliza tu, nayo itajibu.

Watasema kuna mahali pa kuizima. Ndiyo, lakini ni ndani ya mipangilio, kwa maandishi, mara nyingi Kifaransa ao Kiingereza. Umemletea mtu sauti kwa sababu hasomi, halafu ruhusa yake unaificha ndani ya maandishi! Kukubali jambo usilolielewa si kukubali.

Nchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na sheria hiyo inalinda habari za mtu binafsi. Basi wabunge na wizara wadai mambo matatu. Kwanza, programu isahau, mpaka mtu aseme ichunge. Pili, iulize kwa mdomo, katika Kiswahili, Mashi, Kinande ao Lingala, lugha ile mtu anayoongea nayo. Tatu, mtu akisema « futa », ifute kwenye simu na kwenye kompyuta za kampuni, kisha imujibu kwamba imefuta.

Kwa sasa, ndugu wasomaji, usiiambie simu jambo usiloweza kumwambia jirani. Na sisi wanahabari, jina la mtu aliyetuamini lisiingie humo hata mara moja. Yeye alituambia sisi, hakuiambia kampuni.