Yowe la Uongo Huua Yowe la Kweli

Wazee wetu walikuwa na desturi ambayo haikuandikwa katika daftari lolote, lakini kila mtu aliifahamu. Yowe lilipopigwa usiku, aliyelala aliamka, akashika fimbo, akatoka nje. Hakungoja kuuliza ni la nani. Na yule aliyepiga yowe pasipo sababu aliona aibu mbele ya kijiji kizima, maana alikuwa ameichezea silaha ya wote.

King'ora cha gari ndilo yowe letu la mjini. Jumapili hii napenda tuzungumze juu yake, na hasa juu ya kile kidude ambacho mafundi hukiita "sensa", yaani kihisi, kinachoongezwa juu ya king'ora kilichokuja na gari kutoka kiwandani. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mimi na mwenzangu tulinunua gari dogo lililokwisha tumika, kwa fedha tulizodunduliza kwa miaka kadhaa. Lilikuwa na king'ora cha kiwandani, nasi tukalala usingizi wa amani. Asubuhi moja tulikuta vioo vyote viwili vya pembeni vimeng'olewa. King'ora hakikuwa kimelia hata mara moja.

Nililaumu kiwanda. Baadaye nilielewa kuwa lawama zile hazikuwa za haki. King'ora cha magari mengi hulinda mahali pachache tu: milango, boneti na buti. Kila mahali pana swichi ndogo, na swichi hiyo ikiguswa huku gari limefungwa, ndipo kelele huanza. Mwizi anayeng'oa kioo cha pembeni, au anayevunja kioo cha dirisha na kupenyeza mkono, hagusi swichi yoyote. Mlinzi yupo macho, lakini amewekwa kwenye mlango na mwizi amepitia dirishani.

Kihisi huziba pengo hilo. Vipo vya namna kadhaa. Kipo kinachohisi mtikisiko, ambacho ndicho cha bei nafuu na kinachotumika zaidi. Kipo kinachosikiliza sauti ya kioo kinapovunjika. Kipo kinachotoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kikatambua kitu kinachosogea ndani ya gari. Hicho hakifai kwa anayeacha madirisha wazi kidogo kwa sababu ya joto, kwani upepo huweza kukidanganya. Na kipo kinachohisi gari linapoinamishwa, kwa ajili ya wezi wa magurudumu na wale wanaoburura gari zima.

Mimi nilichagua cha mtikisiko. Kwa hasira ya vioo vyangu, nilimwambia fundi akaze ukali wake hadi mwisho. Fundi alinitazama, akatii. Tangu siku hiyo gari lilipiga yowe kila lori lilipopita, kila paka aliporuka juu ya boneti, na kila embe lilipoanguka kutoka mti ulio juu yake. Majirani walilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walinyamaza, nami nikadhani wamezoea. Kweli, walikuwa wamezoea.

Usiku mmoja king'ora kililia kwa muda mrefu. Mwenzangu aliuliza, "Si gari letu hilo?" Nikamjibu kuwa ni maembe tu, nikajifunika shuka. Kulipokucha tulikuta gari la jirani yetu, mama mmoja muuguzi, mlango u wazi, redio imeng'olewa na waya zinaning'inia. King'ora kilikuwa chake. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Jirani, hata mimi nilikisikia. Nikadhani ni gari lako. Umetuzoesha kutoamka."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua ulinzi wangu kwa kuuza ulinzi wa mtaa mzima.

Tufanye nini, basi? Kihisi chenyewe si kibaya. Kibaya ni kukifunga kwa pupa. Yafuatayo ni mambo niliyojifunza kwa fundi yuleyule, niliporudi kwake kwa unyenyekevu.

Kwanza, kihisi hakina sauti yake. Kazi yake ni kupeleka habari kwa king'ora. Njia iliyo nyepesi katika magari mengi ni kuunga waya wake wa kutolea habari kwenye waya wa swichi ya boneti. Kihisi kikitikiswa, king'ora hudhani kuwa boneti imefunguliwa, nacho hulia. Lakini swichi za boneti hazifanani. Katika magari mengi waya huungana na bodi boneti inapofunguka. Katika mengine huachana nayo, na hapo maungo haya ya moja kwa moja hayafai. Fundi asibahatishe, apime kwa mita. Tena aweke dayodi kati ya waya hizo mbili, ili umeme upite upande mmoja tu, na swichi ya boneti isirudishe ishara ndani ya kihisi.

Pili, kihisi kisifanye kazi gari linapotembea. Waya wake wa umeme upitie kwenye rilei inayokata umeme mara swichi ya kuwashia gari inapofunguliwa. Hapo barabara yenye mashimo haitakipa kihisi habari za uongo.

Tatu, waya wa umeme uwekewe fyuzi ndogo karibu na mahali unapochukuliwa. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi waweza kuanzisha moto. Halafu ulizia kiasi cha umeme ambacho kihisi hutumia. Kinachotumia miliampia 10 hula takribani ampia-saa 7 kwa siku 30. Kwa betri ya ampia-saa 45 hilo si dogo, hasa ikiwa gari huegeshwa kwa wiki nyingi bila kuwashwa.

Nne, fundi asiguse waya na viungio vya rangi ya manjano vilivyo chini ya usukani. Katika magari mengi hizo ni za mifuko ya hewa inayomwokoa dereva wakati wa ajali. Na kwa magari mapya, ambayo mitambo yake huzungumza kwa kompyuta, mtafute fundi anayeyajua. Usimruhusu mtu kukata waya kwa kukisia.

Tano, na hili ndilo kubwa, ni kupima ukali. Kihisi kifungwe imara katikati ya gari, kwenye chuma kigumu kilicho chini ya dashibodi, kisiachwe kikining'inia kwenye waya. Anza na ukali wa chini kabisa. Funga gari, subiri dakika moja litulie, kisha gonga kwa kitako cha ngumi nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele. Usigonge kioo. Kama kimya, ongeza kidogo na urudie. Ukifika mahali ambapo pigo la nguvu huamsha king'ora, lakini kuegemea kwa mtoto hakukiamshi, acha hapo. Liegeshe mahali pake pa kila siku, lori lipite, usiku upite. Kikilia bure, punguza.

Nasi tukumbuke kuwa king'ora hupiga kelele tu. Hakimshiki mwizi, wala hakizuii gari kuondoka. Kazi ya kuzuia gari lisiwake ni ya kifaa kingine, ambacho nchi za Umoja wa Ulaya zimekilazimisha kwa magari madogo mapya tangu mwaka 1998. Nguvu ya king'ora iko katika masikio ya watu wanaoamini kuwa kikilia kuna jambo.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nyumba sita, nikaomba radhi na kueleza kuwa kihisi kimepunguzwa. Yule muuguzi alinipokea kwa chai. Tulikubaliana kuwa king'ora cha yeyote kikilia, mwenye gari atatoka kwanza, na kama ni kosa ataliita jirani kwa jirani kuwa ni salama. Gari letu limelia mara moja tu tangu siku ile. Nilipofungua mlango, nilikuta taa za nyumba nne zimekwisha washwa.

Tukutane Jumapili ijayo.