Herufi Moja Kwenye Orodha ya Abiria

Siku utakayotoka Nyayo House na pasipoti mpya, usiikimbize hadi Kawangware kabla hujaifungua. Simama hapo hapo nje, ufungue ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi, kila mmoja una nafasi 44. Wengi wetu huipita tu, na kumbe hiyo ndiyo mashine ya uwanja wa ndege inayoisoma.

Nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho, kila moja ina tarakimu ya kuikagua. Ikiingizwa vibaya, mashine inagoma. Jina halina tarakimu hiyo. Limepewa nafasi 39, halikubali ritifaa (Ng'ang'a anakuwa NGANGA, Sa'id anakuwa SAID), na likikosewa linapita hivyo hivyo. Halafu kuna sisi ambao jina letu ni la kwetu, la baba na la babu. Mfumo unataka jina la ukoo, unachukua la mwisho, basi baba na mtoto wake wanaonekana watu wasiojuana. Mara ngapi mama amesimamishwa na watoto wake aulizwe, hawa ni wa nani?

Jirani yangu mmoja wa Kangemi alikatiwa tiketi na wakala hapo mjini. Pasipoti inasema Mohamed, wakala akaandika Mohammed. Kaunta wakamwambia jina halilingani. Alilipa tena. Kosa la wakala, hasara ya mama, na wakala hata pole hakusema.

Utasema, ah, hizo ni pesa tu. Hebu ngoja.

Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka ndege ya kimataifa inayobeba abiria iwe na orodha ya majina yao, walikopandia na wanakoshukia. Marubani na wahudumu nao huandikwa kwenye hati yao. Mwanzoni mwa 2007, baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Somalia, watu waliokuwa wakikimbia vita walikamatwa mpakani na kuletwa Nairobi. Wakatawanywa kwenye vituo vya polisi, vikiwemo vya huku magharibi ya mji kama Kileleshwa na Karen. Familia zikawa zinazunguka kituo hadi kituo. Kumbe tarehe 20 na 27 Januari, na tena 10 Februari, ndege zilikuwa zimewabeba hadi Somalia, na wengi wakaishia mikononi mwa Ethiopia. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua 85. Walikuwemo wanawake na watoto. Walikuwemo Wakenya.

Ushahidi ulitoka wapi? Kwenye orodha za abiria. Muslim Human Rights Forum ilizipata na kuziweka hadharani, na hapo ndipo ikawa vigumu kuambiwa kwamba hakuna aliyesafirishwa. Karatasi ya kawaida kabisa, ile ile inayojazwa kila siku.

Sasa jiweke mahali pa mama anayepitisha kidole kwenye orodha kama hiyo akimtafuta mwanawe. Akikuta majina mawili matupu, jina la babu halipo, herufi zimepinda, huyo ni wake au ni wa mwenzake? Ndiyo maana sikubali herufi moja iitwe kosa dogo.

Na siku hizi kosa linatangulia kufika kabla yako. Azimio 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la 2017, linazitaka nchi zikusanye taarifa za abiria mapema na kuzilinganisha na orodha za wanaotafutwa. Jina lako likifanana na la mwingine, wewe ndiye utakayeketishwa chumba cha pembeni ujieleze wewe si yeye. Huu ni mzigo uliogeuzwa. Anayeshika rekodi ndiye anayepaswa kuisahihisha, tena bure.

Hili si ombi. Katiba yetu, Kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakuruhusu kudai marekebisho kwa yeyote anayeshika taarifa zako, iwe shirika la ndege, wakala au ofisi ya serikali. Dai kwa maandishi, si kwa simu. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi yake iko Upper Hill, matatu moja tu kutoka mjini.

Na ukimsindikiza mtu uwanjani, usirudi mikono mitupu. Baki na nakala ya tiketi yake na ya ule ukurasa wenye picha, mistari yote miwili ionekane.